Sura ya 4: Nani Hasa Huondoka?

Kila nikizungumza kuhusu vibarua wa msimu, huambiwa kwamba maskini wa mwisho ndio hukimbilia mjini kwanza. Si kweli. Anayepanda matatu Tala, huko Ukambani, kutafuta kazi Thika au Nairobi lazima awe na nauli, chakula cha siku za mwanzo na mtu wa kumpokea. Huko Rangpur, Bangladesh, mwaka 2008 watafiti walizipa kaya maskini takriban dola 8.50 za nauli kabla ya msimu wa njaa. Katika kila kaya 100, zilizotuma mtu kibaruani ziliongezeka kwa 22.

Asiye na nauli hubaki, na kubaki kunamgharimu. Mvua za vuli, tegemeo kuu la Ukambani, huanza Oktoba. Novemba mahindi yanataka palizi, na wakati huohuo kahawa ya Matungulu na Kangundo inaiva. Mchumaji hulipwa kwa debe, na kahawa ifike kiwandani siku hiyohiyo. Mama aliyeishiwa nafaka tangu Septemba ataenda kuchuma kwa jirani, watoto wale leo. Akirejea kwake, magugu yameshakunywa maji ya mahindi. Februari anavuna haba, na watu wanasema ametupiwa kamuti, yaani uchawi. Upuuzi mtupu! Palizi ilichelewa, basi.

Nilikusudia sasa kuingia kwenye kazi zenyewe za vibarua, yaani mchanga, machimbo ya mawe na mananasi, lakini siwezi kuyapita matuta ya fanya juu, kwa sababu nayo yanawahusu wanaoondoka. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu. Mvua baada ya mvua, shamba linajipanga ngazi. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona Machakos, wilaya ya Ukambani, kama nchi inayokufa. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha kwamba watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano na mmomonyoko umepungua. Mishahara ya waliotoka ilinunua plau na kulipa vibarua. Wanawake walichimba kwa mwethya, leo kwako, kesho kwangu. Kwa hiyo anayedai kwamba kuhama kunaua shamba atazame vilima hivyo.

Ila mwethya hudai siku zako. Matuta hukarabatiwa Agosti na Septemba, kabla ya mvua, na yule mama aliyeishiwa nafaka, siku zake za Septemba ameshaziuza zote.