Chaji ndogo yaamua bei ya flashi

Wafanyabiashara wanaonunua flashi na memori kadi kwa jumla wana kila sababu ya kuuliza zaidi ya bei na ukubwa. Ubora wa mali hiyo unategemea kitu kisichoonekana kwa macho, yaani chaji ya umeme iliyofungiwa ndani yake.

Silikoni haipitishi umeme kama shaba, wala haiuzuii kabisa kama kioo. Chaji ikiwekwa jirani nayo, tabia yake hubadilika, ikaupitisha au ikaukataa. Mwaka 1967, Dawon Kahng na Simon Sze wa Maabara za Bell, Marekani, walionyesha kwamba chaji inaweza kufungiwa katikati ya kihami ndani ya transista na kubaki humo hata umeme ukikatika. Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba, Japani, alibuni flashi kwa msingi huo na kuitangaza mwaka 1984.

Hapo ndipo bei inapoingia. Seli ya awali ilitunza biti moja tu. Ili kupunguza gharama, viwanda vilianza kupima viwango vya chaji: viwango 4 hutoa biti 2, viwango 8 biti 3 na viwango 16 biti 4. Mzigo umeongezeka, lakini nafasi kati ya kiwango na kiwango imekuwa nyembamba. Chaji ikivuja kidogo, data husomeka vibaya.

Aidha, kila kuandika na kufuta hukichosha kihami. Seli ya biti moja hukadiriwa kustahimili takriban mara 100,000. Ya biti 3 ni maelfu machache tu.

Joto nalo huharakisha uvujaji. Kiwango cha JEDEC kinataka diski ya SSD ya matumizi ya kawaida, ikishamaliza uhai wake uliokadiriwa, itunze data mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi joto 30. Stoo ya bati jijini Dar es Salaam hupita hapo mchana.

Kwa hiyo, kabla ya kulipia katoni nzima, mnunuzi ajaze kadi moja mpaka mwisho, kisha aisome upya. Na mwenye duka anayetunza hesabu za wadeni wake kwenye flashi moja kuukuu awe na nakala ya pili. Chaji ikitoroka, deni halina ushahidi.