Kumeza na kumezwa Uvira

Katika mitaa ya Uvira iliyo karibu na maji ya Ziwa Tanganyika, Nyamianda na jirani zake, ukiuliza habari za nyumba iliyokuwa hapa juzijuzi utajibiwa kwa neno moja: imemezwa. Ni kitenzi kikali. Kumeza hasa kunataka kinywa na koo. Mamba wa mto Ruzizi anavyo vyote viwili. Meno yake hayatafuni, hurarua nyama na kuishusha mapande mapande. Gustave, dude lililotisha watu upande wa Burundi, alivuma kwa hilo.

Ziwa halina koo. Mnamo 1878 Tanganyika lilijaa kuliko tunavyoliona leo. Kisha kizuizi cha mto Lukuga, karibu na Kalemie ya sasa, kikapasuka, maji yakakimbilia Lualaba, na ziwa likashuka mita kumi hivi katika miaka iliyofuata. Sehemu kubwa ya ufuko tunakojenga ni ardhi ambayo ziwa liliiacha. Tukisema limetumeza tunaligeuza mnyama mvamizi, na aliyegawa kiwanja hatajwi kabisa. Ndivyo ilivyokuwa usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mto umemeza, tukasema. Milima ya Mitumba iliyovuliwa miti juu yetu hatukuitaja.

Kiswahili kinajua pia kumezea: kuona baya na kunyamaza. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu mji huu umemezea mengi mno.

Tena kuna kumeza kusiko na fumbo lolote. Bomba likikauka, mama hushuka ziwani na bidoni, na jioni watoto wanayanywa maji hayo. Kipindupindu hakijawahi kuiachia Uvira kwa muda mrefu. Mwaka huohuo wa 2020 watu walipewa chanjo yake, nayo ni ya kumeza, dozi mbili. Chanjo ni msaada mkubwa, ila haileti maji safi.

Mama zangu, chemsheni maji ya kunywa hata yakionekana meupe. Nanyi wakubwa wa mji, leteni maji ya bomba hadi ufukoni, na msiuze tena kiwanja mahali ambapo ziwa limekwisha kufika.