Kutembea kwa Fikra Kabla ya Miguu

Nyumba nyingi zetu zina mzee aliyelala chumba cha ndani, upande mmoja wa mwili wake umepooza kwa maradhi ya kiharusi. Watoto humwinua, humtawadhisha, humlaza. Na wako wasemao kuwa amepigwa na jini, wakamwacha hivyo hivyo hata miezi ikapita. Hayo twayakataa: kiharusi ni mshipa wa ubongo kuzibika au kupasuka, na Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu.

Katika mafunzo ya matabibu wa mazoezi limo moja lisilohitaji fedha wala chombo, nalo ni kumtaka mgonjwa atembee kwa fikra. Usidhani ni mchezo. Mwaka 1989, huko Ufaransa, Jean Decety na wenzake waliwapima watu wenye afya muda wa kwenda kwa miguu hadi alama iliyowekwa, kisha wakawataka waende mwendo ule ule kwa kuwaza tu, bila ya kuinua mguu. Nyakati mbili zile zikakaribiana. Wajuzi wasema kuwa sehemu nyingi za ubongo zinazoongoza mguu huamka pia mtu anapouwaza mwendo.

Mgonjwa huketi penye utulivu, akafumba macho, akajiona anatoka kitandani kwenda mlangoni. Si kumtazama mtu mwingine akienda, bali ni yeye mwenyewe ndani ya mwili wake: auhisi uzito ukihamia mguu ule mgonjwa, goti likikunjika, kisigino kikigusa sakafu. Baada ya dakika chache husimamishwa, akazifanya hatua zile kwa kweli, naye ameshikwa. Kuwaza peke yake hakutoshi.

Wala hatutaki kumtia mtu tamaa ya uwongo. Mwaka 2020 wachunguzi walikusanya majaribio 21 yenye wagonjwa 762. Wakaona dalili kuwa mwendo huongezeka kasi, lakini wakasema wazi kuwa ushahidi wenyewe ni dhaifu sana.

Wasomaji wetu wa madhehebu ya Shafi watakumbuka swala ya mgonjwa: asiyeweza kusimama huketi, asiyeweza kuketi hulala kwa ubavu, hata asiyeweza kuashiria kwa jicho hupitisha nguzo za swala moyoni mwake. Hiyo ni ibada, si dawa, nasi hatuyachanganyi. Lakini mzee aliyezoea kurukuu na kusujudu moyoni hatakuwa mgeni wa zoezi hili. Na mjukuu akimwambia, "Babu, leo twende kwa fikra mpaka msikitini," atajua aanze na mguu gani.