Bunia: Daftari la wapiga kura likibadilishwa, la zamani linakwenda wapi?

Kwa mkaaji wa Bigo, mjini Bunia, kadi ya mpiga kura si ya siku ya uchaguzi tu. Nchini Kongo ndiyo imeshika nafasi ya kitambulisho kwa miaka mingi. Waliokimbia vita Djugu na kuingia Bunia wanajua uzito wa kuipoteza njiani.

Ushahidi mwingine umo katika daftari la tume ya uchaguzi, CENI. Lakini daftari hilo hutengenezwa upya. La 2006 lilikuwa na watu milioni 25 hivi, la 2011 milioni 32, la 2018 milioni 40, na la 2023 karibu milioni 44. Aliyeandikwa 2011 kisha akakosa 2023 kwa sababu ya vita, atatafutwa wapi?

Wanaosimamia kompyuta kubwa za IBM, zile zinazobeba hesabu za mabenki, walishapata njia. Kila toleo la faili huitwa kizazi. Jina la ukoo hubaki moja, kizazi hupewa namba: G0001V00, kisha G0002V00. Katalogi hushika mpangilio. Ukiomba sifuri unapewa kizazi kipya. Ukiomba kutoa moja, kilichokitangulia. Cha leo hakiandikwi juu ya cha jana.

Hatari iko kwenye kikomo. Msimamizi hupanga vizazi vingapi vitunzwe. Zamani mwisho ulikuwa 255, siku hizi unaweza kufika 999. Akiweka 3, cha nne kikiingia cha kwanza hutoka kwenye katalogi. Kama aliagiza kifutwe, hufutwa bila mtu kuulizwa. Kama hakuagiza, hubaki kwenye diski, ila katalogi inaweza isikitambue tena: sawa na sanduku lisilo na jina ndani ya depo. Na kuna agizo baya zaidi, ambalo kikomo kikipita huondoa vizazi vyote vya zamani kwa mara moja.

Si lazima mashine iwe ya IBM. Utaratibu ndio unaotakiwa, pamoja na kikomo kinachojulikana na wananchi. Kwa daftari la 2018 waliandikwa watu zaidi ya milioni 46, na baada ya usafishaji wakabaki milioni 40. Orodha zote mbili zinastahili kutunzwa, kwa sababu aliyeondolewa kimakosa hawezi kujitetea kwa orodha ambayo hayumo.