Pwani Yaonekana, Je, Yasikika?

Mpenzi wa sinema ni kama mpenzi wa kahawa chungu. Daktari akimwambia apunguze, hupunguza kwa mdomo tu. Mimi ni katika watu hao. Nilianza kuingia sinema nikiwa mdogo, zama ambazo Regal, Naaz na Majestic hapa Mombasa zilikuwa zikijaa pomoni, na foleni ya tikiti ya Sholay, sinema ya 1975, ilikuwa ndipo mahali pa kukutana na jamaa wote ambao hukuwaona tangu Idi. Kihindi hatukukijua, lakini tulicheka penye kucheka na tukalia penye kulia, na wengine wetu tulirudi nyumbani tumehifadhi maneno mazima ya Gabbar Singh.

Hata hivyo, katika sinema zote hizo sisi tulikuwa wageni. Nyumba zilikuwa za wenzetu, harusi zilikuwa za wenzetu, na hata mvua iliyowanyeshea wapenzi wakiimba ilikuwa ya wenzetu. Miaka hii ya karibuni mambo yamegeuka. Mabaraza yetu, buibui zetu, kanzu na kofia, ngalawa na majahazi, vyote vimeingia katika sinema, riwaya na televisheni, na watu wa Toronto na London huketi wakavitazama. Wenzangu wa barazani wamenishika niseme ni zipi nilizozipenda na zipi zilizonikera. Nitasema, ila natanguliza kwamba mizani yangu ni moja tu, nayo ni sikio. Haitoshi Pwani kuonekana. Nataka kujua kama imesikika, na imesikika kwa lugha ya nani.

Asiyejua kwa nini nalishikilia jambo hili na aikumbuke Inception, ile sinema kubwa ya Marekani ya 2010. Ndani yake Leonardo DiCaprio anafukuzwa mbio katika vichochoro vya Mombasa, na vijana wetu walishangilia kusikia jina la mji wao. Kumbe vichochoro vile vilipigwa picha Tangier, nchini Morocco! Mimi niliitazama nikitafuta japo ukuta mmoja wa Kibokoni au Kuze, nisiuone. Mji wetu ulitumiwa jina tu, kama mtu anayeazima joho la harusi.

Sasa nije kwenye sinema iliyonifurahisha kuliko zote katika hizi za karibuni, nayo ni Vuta N'kuvute. Imeongozwa na Amil Shivji wa Tanzania, na ilionyeshwa katika tamasha la Toronto, Kanada, mwezi wa Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Hadithi imetoka katika riwaya ya Adam Shafi ya 1999 yenye jina hilo hilo, ambayo wanafunzi wengi wa Tanzania wameisoma darasani. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja aliyeozwa angali mdogo kwa mume mwenye umri wa kumzaa. Anaikimbia ndoa hiyo, anapata hifadhi kwa shoga yake Mwajuma huko Ng'ambo, na huko anakutana na Denge, kijana anayewasumbua Waingereza kwa magazeti na karatasi za siri katika miaka ya mwisho ya ukoloni.

Kilichonifurahisha kwanza ni kwamba watu wanasema Kiswahili, na ni Kiswahili cha Unguja, chenye mzaha wake na mafumbo yake. Mwajuma anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab hasa, na jambo hilo linasikika. Anapozungumza, sauti inapanda na kushuka kama ya mwanamke aliyezoea kusikilizwa. Hakufundishwa lafudhi na mtu. Katika sinema nyingi zinazotuhusu, lafudhi huwa kama nguo ya kukodi: inabana kwapani. Hii haibani.

Ninayo manung'uniko yangu pia. Sinema hii ni nzuri mno kwa macho, na mahali pengine uzuri huo unamdhuru Denge. Kila ukuta uliobambuka umepangwa rangi, kila taa ya kandili imewekwa panapopendeza, hata umaskini wa Ng'ambo unakuwa kama picha ya kalenda. Kitabuni, Ng'ambo inanuka jasho na samaki, na watu wake wana njaa. Tena kitabuni kuna kicheko kingi zaidi, kwa maana Adam Shafi ni bingwa wa kuwachora askari wa mkoloni mpaka ukawaonea huruma. Riwaya hiyo inatuhusu hata sisi wa huku, kwani mume wa Yasmin anahama naye kuja kufanya biashara Mombasa. Sinema yenyewe imekaza macho Unguja, na sikushangaa: saa moja na nusu si mzigo wa kubeba kitabu kizima.

Kuna jambo moja ambalo wazee watanihoji nisipolitaja. Sinema hii ina mahali ambapo baba aliyeketi na binti zake atatafuta maji ya kunywa jikoni. Mimi sikuiweka sebuleni pamoja na wajukuu, nilitazama na mke wangu, naye alitazama kando mara mbili. Hata hivyo sikubaliani na wale wanaosema itupwe yote kwa sababu hiyo. Kisa cha binti kuozwa kwa mtu asiyemtaka ni kisa kilichotokea katika nyumba za watu wanaoswali, na dini yenyewe inataka ridhaa ya binti kabla ya ndoa. Sinema inayotukumbusha hilo haifai kufungwa mlango.

Nikitoka kwenye sinema na kuingia vitabuni, jina la kwanza halina mjadala. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa 1948, alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi mwezi wa Oktoba 2021. Siku ile barazani kwetu watu walipongezana kana kwamba wameoza. Kisha mzee mmoja akauliza swali la kiungwana kabisa: "Vitabu vyake viko wapi tuvisome?" Pakawa kimya. Gurnah anaandika Kiingereza. Simlaumu, maana aliondoka Unguja angali kijana katika miaka ya sitini, baada ya mapinduzi, na mtu huandika kwa kalamu aliyo nayo mkononi. Lakini tazameni hesabu hii. Riwaya yake Paradise ilitoka 1994. Wajerumani waliipata kwa lugha yao 1996. Sisi, ambao Yusuf na Khalil na mfanyabiashara Aziz ni watu wetu, tuliipata kwa Kiswahili 2022, kwa jina la Peponi, ikiwa imefasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Ni miaka 28! Mtoto aliyezaliwa kitabu kilipotoka amekwisha kuwa na mtoto wake.

Nimekisoma kwa lugha zote mbili, na nasema bila ya kupendelea kwamba mahali pengi Peponi kinanigusa zaidi. Yusuf ni mtoto aliyetolewa na baba yake kuwa rehani ya deni, naye anadhani anakwenda kutembea na mjomba. Kwa Kiingereza ni habari ya kusikitisha. Kwa Kiswahili neno rehani linakuja na harufu yake. Kila mmoja wetu amesikia habari ya shamba lililowekwa rehani, au kidani cha nyanya kilichokwenda kwa sonara kisirudi. Mwandishi mwenyewe alikuwa akilifikiri neno hili kwa lugha yetu alipoandika kwa lugha yao, nami nathubutu kusema mfasiri amelirudisha kwao.

Katika vitabu vyake vya baadaye, Afterlives cha 2020 ndicho ninachokiweka mbele. Kinasimulia vita vya Wajerumani katika nchi ambayo sasa ni Tanzania, na askari weusi waliopigana upande wao. Kuna mahali binti mdogo, Afiya, anapigwa hadi mkono unavunjika, kosa lake kujua kuandika. Nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kile cha 2025, Theft, ni kipole zaidi. Badar, kijana mtumishi wa nyumbani, anasingiziwa wizi, na kuna fedheha ambayo kila aliyewahi kuishi katika nyumba ya jamaa tajiri anaijua. Wengine wameniambia kwamba kitabu hiki hakina kishindo. Ni kweli hakina, nami nilikipenda kwa ajili hiyo hiyo.

Nikirudi huku Kenya, kuna kitabu kinachotuhusu zaidi hata ya hivyo, nacho ni The Dragonfly Sea cha Yvonne Adhiambo Owuor, kilichotoka 2019. Mtunzi si mtu wa Pwani, na kabla ya kukifungua nilikuwa nimekwisha kukunja uso. Msichana Ayaana wa kisiwa cha Pate anamchagua baharia mzee, Muhidin, awe baba yake, kwa kuwa baba hana. Mama yake, Munira, ni mwanamke anayesemwa na kisiwa kizima, naye huishi kwa kuwapamba wanawake wengine, kwa marashi na halwaridi na asmini. Halafu Wachina wanakuja wakitafuta kizazi cha mabaharia wao wa karne ya 15, na Ayaana anapelekwa China kama ushahidi unaotembea.

Ni kitabu kirefu, na mahali pengine kimejaa maneno kama jahazi lililopita kiasi. Safari ya meli kwenda China ingepunguzwa theluthi na isingeharibika. Lakini mwanamke huyu wa bara ameisikiliza Pate, na ushahidi wake ni Ziriyab, mwana wa Muhidin. Siku moja kijana huyu anatoweka, katika zama hizi za vita vya ugaidi, na nyumba inabaki ikisubiri hatua za miguu mlangoni. Hapa kwetu, Mombasa na Lamu, zipo nyumba zinazosubiri namna hiyo hiyo. Magazeti huandika habari hizo kwa siku mbili kisha hunyamaza. Kurasa zile hazikunyamaza.

Ile sinema fupi ya Watu Wote, ya 2017, nayo iliingia mahali hapo penye kidonda. Iliongozwa na Katja Benrath wa Ujerumani, na inatokana na basi lililoshambuliwa likielekea Mandera tarehe 21 Desemba 2015, pale abiria Waislamu walipokataa kutengwa na wenzao Wakristo. Ilifika mpaka kuteuliwa kwa Oscar 2018. Ni ya dakika kama ishirini tu, na waliomo wanasema Kiswahili na Kisomali. Nililia. Kilichonisumbua baadaye ni kwamba ilibidi wanafunzi wa sinema kutoka Hamburg ndio waje watusimulie wema wetu wenyewe.

Ama televisheni, huko ndiko wajukuu wanakoishi. Wengi watakumbuka Tausi ya KBC, na jinsi tulivyonyamazishana ilipoanza. Kwa miaka mingi baada ya hapo, mtu wa Pwani kwenye televisheni ya Kenya alikuwa ni mganga au mvivu chini ya mnazi. Kwa hiyo nawapa heshima yao Rashid Abdalla na Lulu Hassan, wasomaji wa habari wa Citizen, ambao kampuni yao ya Jiffy Pictures ilituletea Maria (2019), Zora (2021), kisha Sultana (2022) yenye kisa cha Pwani. Hadithi zenyewe hunichosha. Mtu hupotea, hupatikana, hupotea tena, na shangazi mbaya huwa mbaya tangu Jumatatu mpaka Ijumaa bila kupumzika. Lakini mjukuu wangu wa miaka minane, ambaye shuleni husema Kiingereza na njiani husema Sheng, alikuja siku moja akaniambia, "Babu, wewe wasema kama watu wa Sultana." Nilicheka, kisha nikakaa nikawaza. Mtoto huyu amezaliwa Mombasa, na lugha ya babu yake ameitambua kwa kuilinganisha na televisheni.

Kwa sababu hiyo nina shauri moja kwa waandishi wa michezo hii. Nyanya zenu husema kama wasoma habari. Kiswahili chao ni sanifu, kimenyooka, hakina kosa. Nyanya wa Mji wa Kale husema ndia, si njia. Husema mato, si macho. Na akiwa na hasira hukuita ndoo kwa namna ambayo miguu hukimbia yenyewe. Wachina, mwaka 2011, walitia sauti za Kiswahili katika mchezo wao wa Doudou na mama wakwe zake ukaonyeshwa na TBC ya Tanzania, na hata mama mkwe yule alikuwa na sauti yake mwenyewe. Je, nyanya wetu azidiwe na mama mkwe wa Beijing?

Na mwenye kuazimia kumfasiri Owuor ninalo ombi kwake pia. Asimpe Munira lugha ya vitabu vya shule. Pate ndiko alikozaliwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi mwaka 1858, na mama wa huko hakosi maneno ya kumwambia mwanawe. Munira na aseme Kipate chake, pamoja na kuya na mai. Tusioelewa tutawauliza Waamu barazani. Wapo, na hawachoki kuulizwa.