Fahamu: Kwa nini mtu ale mpaka aumie, na njaa hana?
Usiku wa manane, jikoni, anamaliza sufuria ya wali peke yake, haraka, mpaka tumbo linauma. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unauhesabu ulaji huu kuwa ugonjwa unaojitegemea, ukijirudia angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3.

Wengine watasema ni uroho. Sivyo. Mara nyingi mtu anauchukia mwili wake, anajinyima, njaa na huzuni vinamzidi, anafakamia, kisha aibu inamrudisha kwenye kujinyima.

Na chuki hiyo kwa mwili inaweza kutoka nje. Kule Nadroga, Fiji, ambako unene ulikuwa sifa, televisheni iliingia 1995. Kufikia 1998, mtafiti Anne Becker aliwakuta baadhi ya wasichana wakijitapisha ili wapungue. Kwa anayefakamia, tiba ya mazungumzo husaidia. Dayati kali huchochea kufakamia.