Gari inatetemeka kwenye mlima: kabla ya kulaumu esansi, angalia buji

Taksi imejaa, shofa anapanda Kadutu, na kwa gafla gari inaanza kutetemeka na kukosa nguvu. Abiria mmoja anasema ni esansi ya kadhafi. Mwingine anasema vitesi vimekufa. Mara nyingi shida ni ndogo kuliko hapo: buji zimechoka.

Kila silinda ya moteri ya esansi iko na buji yake, kwa hiyo Carina ama RAV4 ya silinda 4 inabeba buji 4. Umeme unaruka kati ya ncha mbili, na cheche ile inawasha hewa na esansi. Nafasi kati ya ncha ni ndogo sana, mara nyingi milimita 0,7 mpaka 1,1. Kila cheche inakula chuma kidogo, nafasi inapanuka, mpaka umeme unashindwa kuruka. Na unashindwa kwanza pale moteri inapovuta mzigo, maana presha ndani ya silinda inapanda. Ndiyo sababu gari inatembea vizuri tu kule Nguba kando ya ziwa, kiisha inakata pumzi kwenye mlima wa Ngomo ukitoka Kamanyola.

Wenye magari ya mazutu hawahusiki hapa. Moteri yao haina cheche. Buji zake ni za kupasha moto tu asubuhi. Mtu akikuambia Land Cruiser yako ya mazutu inakosa nguvu mlimani juu ya buji, tafuta fundi mwingine.

Kazi yenyewe haichukui hata saa moja kwa magari mengi, lakini haraka inaharibu. Acha moteri ipoe kabisa. Kilasi nyingi ni za aluminiamu, na ukitosha buji ikiwa moto, meno yanaweza kutoka nayo. Puliza vumbi kwanza. Katika kiangazi chetu matundu yale yanajaa mchanga, na kokoto moja ikianguka ndani ya silinda ni hasara. Tosha moja moja. Buji mpya ianze kwa vidole, bila nguvu. Ikikataa, rudisha nyuma. Ikisha kugusa chini, ile yenye rondeli mpya inakazwa nusu ya mzunguko, ama zaidi kidogo. Basi. Kijana wa garaji anayening'inia kwenye kle eti “ikamate muzuri” anaweza kukuletea kazi ya kutengeneza kilasi, na shofa anayepaswa kumpelekea mwenye gari pesa kila jioni hana siku za kupoteza hivyo.

Usitupe buji za zamani mbele ya kuziangalia. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi makavu yanasema esansi inaingia nyingi, ama filtri ya hewa imeziba. Ikilowa mafuta ya moteri, pengine segma zimeisha, na buji mpya itachafuka tena. Nyeupe yenye kuungua ni moteri inayopata joto kupita kiasi.

Sokoni, tahadhari na NGK na Denso za kuiga, pia za zamani zilizosuguliwa na kurudishwa kwenye boksi. Ncha ya kati ya buji mpya ya kawaida iko na kona kali, iliyotumika imeviringika. Namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ile ya moteri yako. Buji ya kawaida inafanya kilometa 20.000 mpaka 40.000, ya iridiamu inaweza kufika 100.000. Gari iliyotoka Japani imetumika haikuambii imetembea na buji zile tangu lini, kwa hiyo andika kilometa siku unapobadilisha.

Na kama mtetemeko unabaki na buji mpya? Kwa gari yenye bobini juu ya kila buji, zima moteri, badilishana bobini mbili nafasi. Shida ikihama silinda pamoja na bobini, nunua hiyo moja tu, si zote 4.